Nimekwama kuchagua ofisi: fremu Sinza, chumba Kariakoo au meza ya kushea Mikocheni? Naombeni ushauri

binti_wa_vitabu:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana mwisho wa mwezi huu lazima niwe nimeshalipia sehemu.

Nafanya kazi ya kuwatunzia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wadogo na kuwaandalia ritani za kodi za kupeleka TRA, mwaka wa tatu sasa, tuko watatu mimi na vijana wawili. Muda wote tumefanyia sebuleni kwangu Kimara. Nina wateja 26, kati yao 18 wana maduka Kariakoo (vitenge, vyombo, vipuri vya pikipiki), waliobaki wako Sinza na Tegeta. Nyumbani pameshindikana jamani, mafaili ya watu yamefika mpaka chini ya kitanda, halafu mwezi uliopita nimekosa kazi ya kampuni moja, walisema wanataka kuja kuona ofisi nikawa sina pa kuwapeleka. Iliniuma sana.

Nimezunguka na madalali wiki mbili nimebaki na hizi:

Fremu Sinza, iko barabarani kabisa, mlango wa kioo, laki 5 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6.

Chumba Kariakoo upande wa Gerezani, ghorofa ya nne, lifti hakuna, laki 3 na nusu, wanataka mwaka mzima.

Meza za kushea Mikocheni, laki 2 kwa kichwa, unalipa mwezi kwa mwezi, intaneti, umeme, kiyoyozi na chumba cha mikutano vyote humohumo.

Nina mil 4 na nusu, hapo kuna kodi, dalali, meza na kabati la mafaili. Moyo wangu uko kwenye fremu kwa sababu nikiweka bango watu wataniona. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Risiti:
Mdogo wangu kabla hujafika kwenye bei, wateja wako wanakuja kwako au wewe ndo unawafuata? Hapo ndo pa kuanzia. Fremu ya barabarani ile laki 5 unalipia watu wanaopita. Anayeuza chipsi, simu au dawa anawahitaji hao kwa sababu mtu anapita anaona anaingia. Ila hakuna mtu anatoka kununua nyanya Sinza akaona bango la uhasibu akasema ngoja niingie nitunziwe vitabu, kazi yako mtu anakuja kwa sababu mwenzake wa duka la jirani amemwambia. Mimi nilikaa na fremu mwaka mzima nafanya kazi za kuandaa nyaraka, walioingia wengi walikuwa wanauliza kama natoa fotokopi.

binti_wa_vitabu:
Asante mzee, hilo sikuliwaza kwa namna hiyo. Ukweli wengi nawafuata mimi, mwenye duka Kariakoo hawezi kuacha kaunta. Risiti nyingine wananitumia WhatsApp, nyingine kijana anazifuata na mfuko. Pilika iko kati ya tarehe 10 na 20 kwa sababu ya ritani za VAT, hapo kijana anaweza kwenda Kariakoo mara mbili kwa siku.

mama Nuru:
Basi jibu umeshalitoa mwenyewe dada, anaenda mara mbili kwa siku halafu unatafuta ofisi Sinza?

Niwaongelee hao wa meza za kushea maana nilikaa huko miezi 8. Pazuri, intaneti haisumbui, umeme ukikatika jenereta inawaka. Shida ni kwamba kazi yako ni siri za watu. Unaongea na mteja kwenye simu mauzo yake ni kiasi gani, jirani wa meza anasikia yote, mafaili unayaweka wapi usiku? Pia uliza mapema kama wanakupa mkataba wa pango wenye jina la biashara yako, maana ukienda manispaa kwenye leseni au TRA kubadilisha anwani wanataka mkataba. Mimi nilipewa risiti tu, nikahangaika wiki tatu.

Kigoma95:
Mimi napingana kidogo na wakuu hapo juu. Hiyo kampuni iliyotaka kuona ofisi, ukiipandisha ghorofa ya nne kwa ngazi katikati ya mikokoteni ya Kariakoo itarudi? Kama anataka kukua atoke kwa wenye maduka aende kwa makampuni, Mikocheni ndo pa kuonekana.

Mzee wa Risiti:
Kigoma95 una hoja, ila wateja 18 ndo wanaomlisha leo. Sehemu nyingi za kushea zinakodisha chumba cha mikutano kwa saa hata kama huna meza pale. Akae Kariakoo, siku akipata mgeni wa kampuni anakodi chumba masaa mawili Mikocheni, yameisha.

fundi_ramani:
Dada kama unaelekea Kariakoo naomba unisikilize vizuri. Tarehe 16 Novemba 2024 lile ghorofa lilianguka pale na watu wakafa, wengine walikuwa dukani tu wanatafuta riziki. Usilipe kabla hujashuka chini kabisa ya jengo ukaangalia. Kama kuna mtu anachimba au anavunja ukuta ili aongeze stoo, ondoka hata kama chumba ni cha bure. Angalia nguzo na ngazi, nyufa za rangi ni kitu cha kawaida ila ufa wa kwenye nguzo unaoingia ndani si wa kawaida. Uliza ngazi ya pili iko wapi, moto ukianzia chini wewe uko wa nne utatokea wapi?

Halafu nenda mara tatu, asubuhi Jumatatu, mchana, na jioni ya saa 12. Majengo mengine geti linafungwa mapema na wewe tarehe 19 usiku utakuwa bado unajaza ritani.

Shangazi Pango:
Na hela msisahau. Wewe ni mtu wa hesabu unalijua hili, nawaambia wengine wanaosoma: mpangaji wa biashara unatakiwa kukata kodi ya zuio 10% kwenye pango ukaipeleka TRA. Mwenye nyumba akisema nataka laki 3 na nusu mkononi maana yake pango kamili linakuwa kama 388,900, hiyo 38,900 inatoka kwako. Kuna ushuru wa stempu 1% ya pango la mwaka, kuna dalali mwezi mmoja, na mwenye jengo akiwa amesajiliwa VAT anaongeza 18%. Jumlisha hivyo vyote ndo ulinganishe na Mikocheni. Uliza pia mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia, kuchangia umeme na fundi cherehani mwenye pasi ni ugomvi kila wiki.

binti_wa_vitabu:
Wakuu nimerudi. Nimeenda mara tatu kama nilivyoambiwa. Ghorofa ya nne nimeiacha, ngazi ni moja tu na nyembamba, na geti wanafunga saa 1 jioni. Ila mlinzi wa pale kanionyesha jengo la mtaa wa pili, ghorofa ya pili, ngazi mbili, chini hakuna anayechimba kitu, chumba kidogo zaidi lakini kina LUKU yake na mlango wa chuma. Laki 4. Nimekaa na mwenye jengo nikamweleza la zuio, amekubali nikate humohumo kwenye laki 4, na amekubali miezi 6, kwa hyo ni mil 2 na laki 4 jumla na dalali hayupo, mlinzi nimempa ya soda. Nabaki na hela ya kabati la kufunga na meza tatu. Kutoka Kimara napanda mwendokasi moja mpaka Gerezani natembea dakika sita.

Fremu bado inanivuta kidogo nisiwadanganye, lakini nimehesabu wateja waliowahi kunijia wenyewe nyumbani miaka yote hii, hawafiki watano.

Mkataba nasaini Ijumaa. Mama Nuru kile kipengele cha jina la biashara nimekiweka cha kwanza kabisa.

mama Nuru:
Safi mdogo wangu. Hakikisha na tarehe ya kuanza inaandikwa siku unayokabidhiwa funguo, si siku unayolipa.

binti_wa_vitabu:
Naiongeza sasa hivi.