Kwa nini maghorofa kwenye picha zangu yanalala kwa nyuma, na watu wanatoka ukungu?

Mzururaji

Wakuu habari za saa hizi, poleni na majukumu. Nina kamera niliyoachiwa na binamu yangu, lenzi yake ni ile ya kawaida inayokuja nayo, milimita 18 mpaka 55, na miezi mitatu sasa kila Jumapili natoka kwenda katikati ya jiji kupiga maghorofa na mitaa. Nikiwa kule naona vitu vikali kweli, yaani moyo unadunda, nikirudi nikafungua kwenye kompyuta hamna kitu.

Kwanza maghorofa. Nikisimama chini nikainua kamera ili jengo lote lienee, juu linachongoka kama hema, kuta zinakaribiana na jengo lenyewe linalala kwa nyuma kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea. Kwa macho naliona limesimama wima kabisa. Lenzi mbovu au mimi?

Pili watu. Mtaa usipokuwa na mtu picha inakuwa kama tangazo la dalali, na nikingoja watu wapite wanatoka ukungu, au inatoka migongo mitupu maana usoni naogopa. Juzi nimerudi na picha 340, nimezihesabu, nilizobakiza ni mbili na moja ni ya paka.

Halafu kuna mlinzi alinifukuza mbele ya jengo la ofisi eti hairuhusiwi, na mimi niko nje. Ana haki hiyo?

Msiniambie ninunue lenzi nyingine, hela sina. Naomba kuwasilisha.

ngojawaje

Na mimi shida yangu ni hiyo hiyo ya hema. Nimekaa paleee, ngoja waje wajuzi.

Timazi

Mkuu lenzi yako nzima, usiisingizie. Mimi nimeshika mwiko kabla ya kushika kamera kwa hiyo nitakueleza kifundi. Ile sensa ya kamera (siyo ya kuhesabu watu, ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) ikiwa sambamba na ukuta wa jengo, mistari ya wima inabaki wima, basi. Ukiinua pua ya kamera hata kidogo sensa imelala, na juu ya jengo ndiko mbali zaidi kuliko chini, na kitu cha mbali siku zote kinatoka kidogo, ndo hema lako hilo. Jicho nalo linaona hivyo hivyo ila ubongo unakunyooshea jengo kabla hujashtuka, kamera haina huo ukarimu.

Kwa hiyo washa ile mistari ya gridi kwenye kioo, na kama kamera yako ina pima maji ya ndani iwashe, nyingi za miaka hii zinayo, watu hawaitafuti tu kwenye menyu. Ishike sawa kabisa kama unapima ukuta. Sasa utaniambia Timazi juu jengo limekatika na nusu ya picha ni lami. Ndiyo. Hapo unavuka barabara na kurudi nyuma mpaka liingie, au unageuza kamera isimame, unapiga na lami yote hiyo halafu chini unakata ukifika nyumbani. Kama ni ya megapikseli 24 ukikata nusu bado una 12, zinatosha na kuchapisha. Au, na hii ndo naipenda kuliko zote, unapanda. Tafuta ngazi za nje, daraja la waenda kwa miguu, ghorofa la kuegesha magari linalotazamana na jengo lako. Ukifika kama nusu ya urefu wa jengo unaelekeza kamera mbele tu, huinui wala huinamishi, na mistari inanyooka yenyewe bila programu yoyote.

Programu za kunyoosha zipo, hata kwenye simu, ila ukijua utanyoosha acha nafasi pembeni maana zinakula kona. Na usinyooshe mpaka mwisho. Jengo refu lililonyooshwa kupita kiasi linatoka pana juu kuliko chini kama linataka kukudondokea, mimi huwa naacha mwegamo kidogo tu, jicho linakubali. Wale wa kazi za majengo wana lenzi za shifti ambazo vioo vyake vinapanda juu kamera ikiwa imebaki sawa, na hata zile kamera za zamani za mvukuto zilifanya hivyo hivyo. Umesema hela hamna kwa hiyo tuishie hapo.

Ila kama unachotaka ni urefu wenyewe, sogea karibu na ukuta kabisa uelekeze kamera juu mpaka shingo iume. Hapo hema linakuwa la makusudi. Inayokera ni ile ya nusunusu, imeinama kidogo mpaka mtazamaji hajui ulikusudia au ulijikwaa.

KonaMoja

Timazi kamaliza ya majengo, mimi nichukue ya watu. Kaka Mzururaji kosa lako liko kwenye jina lako, unazurura mno. Picha 340 kwa siku maana yake unakimbiza watu, na mtu anayekimbizwa unapata mgongo. Jifunze kuotea. Kwenye mpira kuotea ni kosa, huku ndo kazi yenyewe.

Unatafuta jukwaa kwanza. Mlango wenye rangi, kivuko cha zebra, ngazi, au pale mwanga unapopenya kati ya maghorofa mawili ukaangukia chini kama shuka limetandikwa na pembeni kote ni kivuli. Unapima mwanga kwenye sehemu inayong'aa, siyo kivulini, ukipima kivulini pale kwenye jua panaungua panabaki peupe. Halafu unasimama. Dakika ishirini, arobaini, mpaka mtu mwenyewe aingie kwenye shuka lako. Wapita njia wakishakuzoea unakuwa kama nguzo ya taa, hakuna anayekutazama, na hata ile hofu ya sura za watu inapungua maana wao ndo wanaokufuata wewe.

Ukungu sasa, una sababu mbili watu wanazichanganya. Kuna wa mwendo na kuna wa fokasi. Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde, ukipiga kwa 1/60 ya sekunde anasogea zaidi ya sentimita 2 shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ikiwa wazi, lazima atoke uji. Kwa 1/500 hata milimita 3 hazifiki. Kwa hiyo usishuke chini ya 1/250, akiwa anakatiza karibu yako panda 1/500, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) iachie otomatiki, chengachenga kidogo haziui picha. Wa fokasi dawa yake ni hii, rudisha lenzi 18, pana kabisa, apecha (tundu la lenzi) f/8, fokasi kwenye kitu kilicho mita 2 kutoka ulipo halafu zima fokasi ya otomatiki. Kwa kamera ya sensa ndogo kama yako (nadhani ni hizo, kwa lenzi uliyoitaja) kuanzia mita 1 hivi mpaka mwisho wa mtaa vyote vinatoka vikali vya kutosha. Kamera haitafuti tena, ukibonyeza imepiga. Ukigusa zumu tu umeharibu, anza upya.

Paka tuone na sisi bana.

Makabrasha

Ya mlinzi. Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo soma za huko uliko, ila kuna vitu vitatu watu wanavikoroga pamoja: umesimama wapi, unapiga nini, na picha utaifanyia nini.

Umesema uko nje, lakini nje ya nani? Majengo mengi makubwa yana uwanja mbele, vigae vizuri na mabenchi, unaonekana wa umma kumbe kiwanja ni cha mwenye jengo. Pale mlinzi anaweza kukutoa kihalali. Ukirudi mpaka kwenye njia ya umma hali inabadilika, nchi nyingi zinaruhusu kupiga kinachoonekana kutoka barabarani, isipokuwa kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege na mfano wa hivyo, hapo usibishane na mtu.

Kuuza ni habari nyingine. Uingereza na Ujerumani picha ya jengo uliyopiga ukiwa barabarani unaweza hata kuichapisha na kuiuza. Ufaransa wamebana, ruhusa waliyoiweka mwaka 2016 ni kwa mtu binafsi asiyefanya biashara. Mfano wake maarufu ni mnara wa Eiffel. Gustave Eiffel alifariki 1923, miaka 70 ya hakimiliki ikaisha, mnara wenyewe mchana uko huru, ila zile taa za usiku ziliwekwa 1985 na zinahesabiwa kazi ya sanaa inayojitegemea, ukitaka kutumia picha yake ya usiku kibiashara unaomba kibali. Mtalii anayejipigia ya kwake hasumbuliwi.

Halafu mlinzi msalimie kabla hajakufikia. Muulize mpaka wao unaishia wapi, muonyeshe picha kwenye kioo. Na stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, ukiifungua tu unaonekana una kampuni nyuma yako.

Kimyakimya

Dada KonaMoja umesema vizuri ila hujagusa ruhusa. Unasimama kama nguzo unawapiga watu hawajui, hiyo ni sawa? Mimi naomba kwanza, akikataa naondoka.

KonaMoja

Kimyakimya ukiomba kwanza unapata picha ya mtu anayepigwa picha, kanyoosha shati na kutabasamu. Nzuri, ila siyo mtaa tena. Mimi napiga, tukigongana macho natabasamu, akitaka nafuta mbele yake, sijawahi kubishana na mtu kwa sababu ya fremu. Watoto wa watu na mtu aliyelala nje sipigi hata mwanga uweje, hao hawana nafasi ya kuniambia futa.

Vivian Maier umemsikia? Alikuwa yaya, likizo na matembezi ya watoto yote kamera shingoni, Chicago na New York, negativu zaidi ya laki moja na karibu hakuna aliyejua mpaka maboksi yake yalipouzwa mnadani 2007, miaka miwili kabla hajafariki. Picha zake nyingi alipiga na Rolleiflex, kamera unayoishika tumboni ukaangalia chini, kwa hiyo wengi hawakuona jicho limewakodolea. Mzururaji kama kioo cha kamera yako kinafunguka jaribu hivyo. Ila usiinue pua, Timazi atakukuta.

Timazi

😂😂 Nitamkuta kweli. Nimekumbuka kitu hapo kwenye ukungu wa mwendo. Picha maarufu ya Daguerre, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, ya mwaka 1838, Boulevard du Temple kule Paris, alipiga kutoka dirisha la juu na ilichukua dakika kadhaa kuingia. Mtaa ule ulikuwa na pilikapilika, farasi, mikokoteni, watu, vyote vimefutika kwa kuwa vilikuwa vinatembea. Aliyebaki ni jamaa mmoja kona ya chini, kainua mguu anang'arishiwa kiatu, kwa sababu alitulia. Wengi wanamhesabu kuwa mtu wa kwanza kuonekana kwenye picha, na hakujua. Sijui Kimyakimya angemuombaje ruhusa.

Mzururaji

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumapili hii sikuzurura. Nimepanda ghorofa la kuegesha magari, la nne hivi, nikanyoosha pua kama nilivyoambiwa na jengo lile lile limesimama kama mstari wa rula, nikacheka peke yangu kule juu. Halafu nikashuka kona moja nikakaa saa nzima na nusu. Miguu iliwaka moto. Picha 41 tu.

Moja nawaelezea maana kupandisha imegoma. Kuna mwanga umeangukia zebra, jamaa anavuka kabeba kioo cha kabati mgongoni, na ndani ya kioo kuna ghorofa la upande wa pili limelala vibaya sana, hema kabisa, wakati maghorofa halisi nyuma yake yote yamesimama wima. Sikuliona hilo wakati napiga, niliona kioo tu. Tatizo mguu wake mmoja umetoka uji.

KonaMoja

Shata ilikuwa ngapi?

Mzururaji

1/125. Nilikuwa nimebadilisha nilipokuwa juu, nikasahau kurudisha.

Timazi

Mguu uache hivyo hivyo. Kata tu pembeni kama kuna kitu kimechungulia, na hilo hema la kwenye kioo ole wako ulinyooshe.

ngojawaje

Paka bado.