Fundi aliniambia nguzo za baraza ni "mapambo tu". Sasa paa limelala!

Wana Jinja na nyote wenye nyumba za zamani, nina hasira hata chai haishuki.

Nyumba ni ya marehemu mzee wangu. Aliinunua 1996 kwa Mhindi aliyekuwa amerudishiwa mali yake, ile iliyochukuliwa Amin alipowafukuza Waasia 1972. Baraza la mbele lilikuwa na nguzo nne nene za duara, juu yake boriti ya mvule, halafu pau na mabati. Nilichotaka ni kung'oa sakafu iliyopasuka, tuweke marumaru, tupake rangi. Basi.

Fundi akagonga zile nguzo mbili za katikati kwa ngumi. "Sebo, haya ni mapambo ya Wahindi. Tukiyatoa, hata gari linaingia." Nami, mjinga, nikamwambia fanya. Nilikuwa nawahi Kampala.

Hebu niambieni: pambo linapigwa nyundo toka asubuhi mpaka adhuhuri ndipo lianguke? Jirani ndiye aliyenisimulia. Ndani ni matofali matupu, yameshikana mpaka kwenye msingi. Na hakusimamisha hata gogo moja la mkaratusi kushikilia boriti! Magogo yanauzwa kila kona ya mji huu.

Wiki mbili kimya, nikaanza hata kumsifu. Mvua za Aprili zilipoingia ndipo nikaona maji ya mfereji wa bati hayaendi tena pembeni kwenye pipa, yanakusanyika katikati na kumwagikia kiti cha mama. Nikafunga uzi wa nailoni pembe hadi pembe. Boriti imeshuka vidole vinne!

Binamu yangu aliyesomea uhandisi akanieleza. Kwa nguzo nne, boriti ilikuwa inavuka mita mbili mbili. Sasa inavuka mita sita kwa mkupuo. Mzigo uleule, mbao ileile, ila nafasi imekuwa mara tatu, basi kupinda kunakuwa mara 81, yaani 3×3×3×3. Nilidhani ananitania.

Nampigia fundi, ananijibu "mbao imezeeka". Mvule huo umekaa pale tangu enzi za Mwingereza, mchwa wenyewe wameushindwa! Dawa yake ikawa kuleta chuma cha boksi, chembamba kama mguu wa kuku, akakisimamisha juu ya marumaru mapya bila msingi wowote. Kesho yake marumaru yamepasuka. Na bado ananidai 650,000.

Najua mtaniuliza kibali. Sikuchukua, na sheria ya ujenzi ya 2013 ipo. Hapo nipigeni mawe, nimekubali.

Sasa hivi baraza limejaa magogo na kabari, mgeni akija anainama kama anaingia bandani. Binamu amekataa tusiinue kwa siku moja, anasema mbao imeshazoea kupinda na plasta yote itachanika. Kwa hiyo jeki inazungushwa kidogo tu kila jioni.

Namtafuta fundi anayejua kweli kujenga nguzo ya duara kwa matofali, awe Bugembe, Njeru, popote. Yale ya zamani msiniulize. Yule bwana aliyauza, na juzi nimeyaona mtaa wa pili, yamejengea banda la kuku.