Mtoto analala ndani ya neti yenye dawa na bado anaugua malaria, nifanyeje?

Mama Imani

Habari za wakati huu wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa kwa mnaofanya kazi za afya.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu, mdogo miezi sita. Wanalala ndani ya neti yenye dawa, haina tundu, naichomekea chini ya godoro kila usiku. Pamoja na hayo mkubwa aliugua malaria, akamaliza dozi, akachangamka kabisa. Juzi nikampeleka kwa ajili ya kikohozi tu, hana homa. Wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria tena. Nimeandikiwa dozi nyingine ileile.

Kinachonikatisha tamaa zaidi ni kwamba mbu nawaona kwa macho yangu. Wanatua juu ya neti, wanakaa, kisha wanaruka zao. Tumeambiwa mbu wa eneo letu ni sugu. Mume wangu anasema basi neti haina kazi tena, tupulize dawa kila jioni. Jirani ananiambia niloweke neti kwenye dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Mama mkwe naye ana hofu kwamba dawa za malaria ndizo zimegoma mwilini mwa mtoto. Kila mtu ana lake. Nianzie wapi?

Mpima Mbu

Pole sana Mama Imani. La kwanza kabisa: usiloweke neti kwenye dawa ya shambani. Nakusihi. Dawa ile haikutengenezwa ili mtoto aivute puani usiku kucha, na watoto wadogo hunyonya neti midomoni. Tena dawa nyingi za shambani ni za jamii ileile ya pairethroidi iliyopo kwenye neti, kwa hiyo mbu aliyeizoea hiyo hatishwi na hii. Matumizi ya shambani ni mojawapo ya mambo yaliyochangia usugu wenyewe.

Kazi yangu ni kupima mbu, nikueleze tunavyopima ili ujue walichokuambia kina uzito gani. Tunawaweka mbu jike kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, wanakaa humo saa moja. Tunawahamishia kwenye mrija safi wenye pamba ya maji ya sukari, na baada ya saa 24 tunahesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitishwa. Sasa angalia: eneo ambalo mbu 85 kati ya 100 wanakufa na eneo ambalo wanakufa 10 tu, yote mawili yanaitwa ya mbu sugu. Ukisikia mbu ni sugu, usichukulie kwamba dawa haiui hata mmoja.

Wapo mbu ambao mishipa yao ya fahamu imebadilika pale sumu inapong'ang'ania, na wapo wanaotengeneza vimeng'enya vingi vya kuivunjavunja sumu kabla haijawaua. Kwa hawa wa pili ndipo zikaja neti zenye PBO. PBO peke yake haiui mbu, inazima vile vimeng'enya ili pairethroidi ifanye kazi yake. Kisha zikaja neti zenye pairethroidi pamoja na klofenapiri. Hii haishughuliki na mishipa ya fahamu kabisa, inamkatia mbu uwezo wa kutengeneza nguvu ndani ya seli zake. Mbu aliyegusa neti ya namna hiyo anaweza kuruka mbele yako leo na akafa kesho au keshokutwa, kwa hiyo kumwona akiruka hakukuambii kama neti imeshindwa.

Jaribio kubwa lilifanyika Misungwi, Tanzania, mahali penye mbu sugu hasa, na matokeo yake yakatoka mwaka 2022. Watoto wa vijiji vilivyopewa neti za klofenapiri waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka miwili kuliko wale wa neti za pairethroidi pekee. Jaribio la Benin nalo likatoa karibu jibu hilohilo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza kwa maeneo yenye usugu.

Kwa hiyo naomba usome lebo iliyoshonwa kwenye ukingo wa neti yako, utuambie imeandikwa dawa gani.

Baba Wawili

Asante kwa somo mkuu. Swali: sisi wenye neti za kawaida tuzitoe tu?

Mpima Mbu

Hapana ndugu yangu. Kitambaa hakina usugu. Mbu anayebeba malaria hung'ata zaidi usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na neti nzima iliyochomekewa vizuri inamzuia asimfikie mtoto hata kama dawa imechoka. Ukiitoa umebaki bila dawa na bila kitambaa. Hatari ni neti yenye matundu mahali penye mbu sugu: zamani aliyepenya alikufa, siku hizi anaingia, anakunywa damu na kutoka salama. Shona tundu hata dogo.

Na zile za kupuliza na za kuchoma jioni, nyingi nazo ni pairethroidi. Zinaweza kupunguza usumbufu, ila zisichukue nafasi ya neti. Moshi nao si mzuri kwa kifua cha mtoto anayekohoa.

Hadubini

Mimi niko maabara, naomba nijibu hofu ya mama mkwe.

Usugu wa mbu na usugu wa vimelea ni mambo mawili tofauti. Mbu amezoea dawa ya kwenye neti. Dawa mseto anayomeza mtoto inapambana na vimelea ndani ya damu, na mbu kuwa sugu hakuipunguzii nguvu hata kidogo. Ni kweli kwamba Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea wamethibitisha vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa ya kwanza iliyo ndani ya dawa mseto, na jambo hilo linafuatiliwa kwa karibu. Hata hivyo dawa mseto bado inaponya, kwa sababu ndani yake kuna dawa ya pili inayomalizia kazi.

Sasa hicho kipimo. Kile cha haraka cha kutoboa kidole, kinachotoa mistari, mara nyingi hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea kiliimwaga kwenye damu. Vimelea vyote vinaweza kuwa vimeshakufa na protini ikabaki ikizunguka kwa wiki kadhaa, na mstari ukatokea vilevile. Nimepokea watoto wengi wa namna hii: kipimo kinasema ndiyo, nikiweka damu kwenye kioo na kuangalia kwa hadubini sioni kimelea hata kimoja.

Simaanishi kwamba mwanao hana malaria, anaweza kuwa ameng'atwa upya. Namaanisha urudi leo, usisubiri, uwaambie tarehe aliyomaliza dozi na kwamba hakuwa na homa, kisha uombe apimwe kwa hadubini. Usiamue nyumbani kuacha dawa. Na waangalie kikohozi pia, kwa sababu mstari wa malaria ukishaonekana ni rahisi nimonia ikasahaulika. Hesabuni pumzi zake akiwa ametulia: mtoto wa umri wake akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, kifua kinahitaji kutazamwa haraka.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono alichosema Hadubini. Dada, dozi ya kwanza ulimpaje? Kama ilikuwa ile ya artemetha na lumefantrini, ni mara sita kwa siku tatu. Ya pili saa nane baada ya ya kwanza, yaani saa nane kamili zimepita, halafu asubuhi na jioni. Umpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, bila hivyo lumefantrini haifyonzwi vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Wazazi wengi huacha mtoto akishaanza kucheza siku ya pili, vikabaki vimelea vichache na homa ikarudi.

Kwa huyo wa miezi sita, uliza kuhusu chanjo ya malaria ukienda kliniki. Zipo mbili, RTS,S iliyopendekezwa mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Huanza mtoto akiwa na takriban miezi mitano, kwa dozi nne. RTS,S ilipojaribiwa kwa wingi Ghana, Kenya na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, na hiyo ni pamoja na wale ambao hawakuipata. Dozi ya nne inakuja muda mrefu baada ya tatu za mwanzo na ndiyo inayosahauliwa, kwa hiyo waandike tarehe kwenye kadi. Chanjo haijali mbu ni sugu au si sugu, ila haikingi kila ugonjwa, neti ibaki palepale.

Na dalili hizi usizisubirie asubuhi: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kutoamka vizuri, kupumua kwa shida, viganja na midomo kupauka, mkojo mweusi. Ondoka usiku huohuo.

Kichuguu

Mama Imani, swali la kawaida tu. Tangu jua linazama hadi watoto wanaingia kitandani, wanakuwa wapi?

Mama Imani

Nawashukuru sana wote, Mungu awabariki. Kichuguu, wanacheza barazani, na mkubwa husinzia sebuleni, tunambeba kumpeleka kitandani sisi tukienda kulala. Dozi alimeza zote sita. Lebo ya neti imeandikwa deltamethrin tu, hakuna kingine. Kesho asubuhi narudi naye kupimwa kwa hadubini.

Kichuguu

Basi hapo sebuleni ndipo pa kushika. Akianza kusinzia, apelekwe moja kwa moja ndani ya neti, ninyi mfuate baadaye. Madirisha yawekeeni wavu. Halafu tazameni juu, ule mwanya kati ya ukuta na paa: mbu wa malaria wanaupenda kuliko mlango. Wavu hauna dawa, kwa hiyo hakuna wa kuuzoea.

Mpima Mbu

Deltamethrin peke yake ni pairethroidi pekee. Endelea kuitumia, uifue kwa sabuni ya kawaida isiyo kali na kuianika kivulini, jua kali linaua dawa. Ukiwa kliniki uliza neti zitakazogawiwa safari ijayo ni za aina gani, kwa sababu aina huchaguliwa kulingana na usugu uliopimwa eneo husika, na wananchi wanaouliza wanasaidia. Kwenye mgao wa kliniki wa wajawazito na watoto wakati mwingine aina mpya hufika mapema, na mwanao mdogo wa miezi sita anaweza kuwa na haki ya neti yake. Ukipata mpya, itandaze kivulini saa 24 kabla ya kuilalia.