Naombeni ushauri: mwekezaji anataka kujenga ghorofa kwenye nyumba yetu ya urithi Kariakoo

Mjukuu wa Kkoo: Wakuu nimekwama. Tuna nyumba ya babu Kariakoo, ile ya Kiswahili vyumba sita na ua nyuma, imezungukwa na maghorofa mpaka jua hatulioni na mvua ikinyesha maji yao yote yanaishia uani kwetu. Kuna mwekezaji anataka ubia, sisi tutoe kiwanja yeye ajenge ghorofa 9, atupe floo mbili za juu. Je mbili zinatosha au niombe tatu? Usingizi sipati kabisa.

Mama Fremu: Huko juu utapangisha stoo tu mwanangu. Hela ya Kariakoo ipo chini, kwenye fremu za maduka za barabarani. Mimi kilemba nilicholipa kupata fremu mtaa wa Congo ningejenga nyumba nikahamia. Omba fremu.

Nondo16: Mnaongelea fremu, udongo umepimwa? Nimefunga nondo sana huko, mchoro unasema ghorofa 6 tajiri anafika ya nane anasema ongeza moja. Lile jengo lililoporomoka hapo Kariakoo Novemba 2024 mmeshalisahau?

Mzee wa Baraza: Nimezaliwa mtaa wa Mahiwa. Jioni kila nyumba barazani kuna bao, leo baraza zote ni fremu na wenyewe wako Chanika huko. Vijana mnauza jasho la wazee wenu.

Dada Wakili: Hati ina jina la nani, na msimamizi wa mirathi nani?

Mjukuu wa Kkoo: Jina la babu bado, hayo tutayamaliza wenyewe. Mimi nimeuliza floo.

Dada Wakili: Msimamizi nani kaka? Na ndani anakaa nani?

Mjukuu wa Kkoo: Haya. Mirathi haijafunguliwa. Anakaa shangazi, dada yake marehemu baba, na wapangaji wake. Yeye hajasaini. Mimi na wadogo zangu tumeshasaini makubaliano ya awali na tumepokea posho ya kutafutia pa kukaa. Lakini mjue shangazi mumewe alimjengea Mbagala, na hii nyumba mbao za paa zimeoza, tukingoja itamwangukia yeye mwenyewe. Kosa langu liko wapi?

Pweza Mkavu: Kwa hiyo posho ya pa kukaa mmepewa nyie msiokaa humo 😂

Ummu Salma: Ndugu yangu muogope Allah. Fungu la shangazi yako kwa baba yake lipo, nusu ya la kaka yake, na nyumba ya Mbagala hailifuti.

Kitasa: Wakuu stukeni, huyu dalali anapima upepo. Uzi kama huu niliusoma humu humu, ghorofa 9 hivi hivi, sema nyumba ilikuwa Ilala na shangazi alikuwa bibi.

Nondo16: Na mimi nilihisi. Mtu wa Kariakoo hajui thamani ya fremu?

Mjukuu wa Kkoo: Dalali angesema mirathi haijafunguliwa? Nyumba ipo Sikukuu, sitaji zaidi maana wapangaji wetu wamo humu.

Kitasa: Piga picha hati, ziba jina.

Mjukuu wa Kkoo: Hati anayo shangazi.

Mama Fremu: Heee!

Dada Wakili: Awe dalali awe nani, wako wengi wanaosoma hapa wana nyumba kama hiyo. Kaeni kikao cha ukoo na shangazi akiwepo, mteue msimamizi, muende mahakamani athibitishwe, ndipo mzungumze na mwekezaji. Kabla ya hapo saini zenu hazihamishi hata tofali. Na mkifika kwenye mkataba dai kila floo iwe na hati yake, sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inaruhusu, siyo ahadi ya mdomo. Shangazi naye anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati hata kesho.

Mjukuu wa Kkoo: Akiweka zuio, mwekezaji atadai posho yake?

Dada Wakili: Atadai. Imebaki kiasi gani?