Kitabu gani cha ndege na wanyama nibebe msitu wa Kakamega?

BabaNeema_Nax
Habari zenu wadau. Disemba nampeleka binti yangu Kakamega siku tatu, tutalala Isecheno, kituo cha pale msituni. Huyu mtoto amekulia hapa Nakuru karibu na ziwa, heroe, mwari, korongo, hao wote anakutajia hata matatu ikiwa inaenda, lakini kitabu tulicho nacho ni kile kidogo cha mbugani, simba twiga na ndege wachache. Jana usiku tumekipekua mimi na yeye tukimtafuta yule turako mkubwa wa buluu wa Kakamega, hayumo. Hondohondo yuko mmoja tu na ni wa nchi kavu. Nina kama elfu tano. Ninunue vitatu vidogo, cha ndege, cha wanyama na cha miti, ama kimoja cha maana? Na hizi programu za simu je, zinatosha?

mwana_wa_Shinyalu
Karibu sana kwetu Baba Neema. Nunua kimoja, cha ndege, na kiwe kamili. Vile vidogo vitatu vitakupa wanyama wale wale wa mbugani mara tatu. Kakamega ni kipande cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo kilichobaki huku Kenya, kwa hivyo ndege wengi wa pale ni ndugu za wale wa Uganda na Kongo, na kitabu cha "ndege wa kawaida" kinawaruka. Tafuta kile cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, kinashika mpaka Uganda, Rwanda na Burundi, picha upande mmoja, maelezo na ramani upande wa pili, hufungui huku na kule ndege akitoroka. Toleo la kwanza ni la 2002, la pili 2020. Ukipata la 2002 la mkono wa pili lichukue tu, majina kadhaa yamebadilika lakini ndege ni wale wale.

Tena hakikisha picha ni za kuchorwa, si za kamera. Ziwani ndege anasimama unamtazama mpaka uchoke, msituni unaona tumbo tu, juu huko, nyuma yake anga jeupe, sekunde mbili kisha jani linatikisika basi. Halafu kuna hawa griniboli, eeh, kurasa nzima za ndege wa kijani kibichi kilichofifia, wote sawa, mmoja ana masharubu ya njano, mwingine tofauti ni jicho, mwingine mdomo. Picha ya kamera inakuonyesha ndege mmoja siku moja kwenye mwanga wake, mchoraji anawapanga wote pamoja wamekaa vile vile, hapo ndipo unaona tofauti. Mpe Neema kurasa hizo kuanzia sasa, afunike majina na karatasi ajaribu kuwataja.

Mama_Kondele
Naunga mkono, ila dada wa Kisumu nikuonye kuhusu mvua. Kule inanyesha mchana mara nyingi, sisi ilitupata saa nane tukiwa katikati ya njia, kitabu kilikuwa kwenye begi la nguo, kilipokauka kurasa za vipepeo zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizowekwa moto moja juu ya nyingine, ukivuta rangi inabaki upande ule mwingine. Nililia kwa kweli, maana nilikuwa nimeandika pembeni tarehe na mahali. Mfuko usioingiza maji wenye zipu, usikose. Na vipepeo usiwabebee kitabu, ziko aina zaidi ya 400 pale, piga picha mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, majina mtatafuta nyumbani.

Omwana_wa_Vihiga
Mnasahau miti! Mti hautoroki, mtoto anaushika. Lakini vitabu vya miti ni vizito na vingi vinataka maua au matunda ndio ujue, na matawi ya Kakamega yako juu sana. Kwa hiyo hapo kitabu chako ni mwongozaji wa pale pale. Mwambie akuonyeshe mwiritsa, Neema afikiche jani lake anuse, ni kama lozi. Gome lake ni dawa inayouzwa mbali, ndio maana mengine utayakuta yamechunwa. Aandike jina la Kiluhya, la Kiswahili na la kisayansi kwa daftari lake. Kima pia hawahitaji kitabu, mbega ni mweusi na mweupe na hana kidole gumba, angalia mkono wake akishika tawi.

BabaNeema_Nax
Asanteni sana, mmenitoa gizani. Basi ni kimoja cha ndege na daftari. Na simu?

mwana_wa_Shinyalu
Programu ya ndege ya Merlin, ya chuo cha Cornell, ni ya bure, pakua ndege wa huku ukiwa bado Nakuru, usingoje mtandao wa msituni. Itumieni jioni nyumbani kusikiliza sauti, kwa sababu pale utasikia kumi kabla ya kuona mmoja. Lakini ndani ya msitu tafadhali usiicheze kwa sauti kuita ndege, anaacha kiota anakuja kupigana na simu. Shukeni Khayega mchukue boda, na mwombe mwongozaji muanze saa kumi na mbili asubuhi, turako huwa wanaitana saa hizo.

BabaNeema_Nax
Saa kumi na mbili tutakuwa getini. Kitabu tumeshapata, na Neema ameshafika ukurasa wa griniboli, anasema wa masharubu amemjua.