Tupeane uzoefu: unajuaje rojo la sabuni limefika pa kumiminwa?

Ndugu zangu mnaotengeneza sabuni za vipande kwa njia ya baridi, yaani kukoroga mafuta na maji ya kostiki (soda kali ya sabuni) bila kupika, tuambiane jicho linatazama nini. Naanza mimi. Sabuni yangu ya tatu niliimimina mapema kwa sababu mkono ulichoka. Juu ya rojo bado kulikuwa na michirizi ya mafuta inayong'aa. Kesho yake nikakuta mafuta yameelea na maji ya kostiki yamejitenga chini. Niliumia sana. Tangu hapo nainua mwiko na kuchora mstari kwa matone yake. Mstari ukikaa juu kidogo kabla ya kuzama, namimina. Ukipotea papo hapo, nakoroga.

— Dada, mimi mstari huo ulinidanganya. Nilitumia mawese na shea kwa wingi, nayo yalikuwa yamepoa mno. Rojo likawa zito mara moja, nikafurahi. Kumbe halijashika, yaani mafuta na maji ya kostiki havijaungana, ni mafuta tu yalikuwa yanaganda! Siku hizi kabla sijauamini mstari nagusa sufuria kwa nje. Ikiwa ya baridi, naikalisha ndani ya maji ya moto huku nakoroga. Uzito wa mafuta kuganda hulegea na michirizi ikarudi. Lililoshika kweli halirudi kuwa mafuta.

— Kwangu shida ni karafuu. Nilingoja rojo liwe zito ndipo nikatia mafuta yake, na kufumba na kufumbua mwiko ukasimama wenyewe. Nikalishindilia kwenye kalibu kwa kijiko, sabuni ikatoka na matundu. Sasa nayatia rojo likiwa bado jepesi, kalibu iko tayari pembeni.

— Wa zeituni tupu, msikate tamaa. Kwa mwiko huweza kupita saa nzima. Na nawasihi, msiongeze kostiki ati rojo limechelewa! Kama vipimo vilikuwa sahihi, kinachotakiwa ni muda. Mwenye blenda ya mkono aiwashe sekunde chache, azime, akoroge, atazame. Ukiiacha iungurume mfululizo, rojo litakuwa zito kupita kiasi kabla hujamimina. Glovu na miwani visivuliwe, rojo zito nalo linaunguza.

— Asanteni. Hilo la kugusa sufuria sikuwahi kulifikiria, na kesho nina mawese. Je, mnaotumia maziwa badala ya maji, rojo lenu linawahi au linachelewa?