Kwa nini stesheni ya Arnos Grove ina nguzo katikati ya njia ya abiria?

Bint Seremala:
Wakuu, habari za jioni. Swali langu litawachekesha wasanifu waliomo humu, lakini limenikaa kichwani miezi sasa.

Nakaa London, upande wa kaskazini, na kila siku ya kazi napandia treni ya chini kwa chini pale Arnos Grove, laini ya Piccadilly. Kwa wasioijua: ukiwa barabarani, Bowes Road, unaona kwanza jengo fupi la matofali, la kawaida tu. Juu ya mgongo wake limesimama duara kubwa la matofali na vioo virefu, kama ngoma iliyotuliwa juu ya meza. Ngoma nayo imefunikwa paa bapa la zege, jembamba, limetokeza ukingoni kama kifuniko cha sufuria. Hakuna mnara, hakuna nakshi, hakuna sanamu ya malaika wala simba.

Ukiingia ndani uko chini ya ile ngoma. Mwanga unakushukia pande zote. Na katikati kabisa, pale watu wanapopita mbiombio, ipo nguzo moja ya zege inayopanda mpaka darini.

Sasa, marehemu baba yangu alikuwa seremala, amepaua nyumba nyingi, na nguzo alikuwa haipendi. Alikuwa akisema usimwoteshee mtu mti sebuleni. Hawa wameotesha mti mlangoni pa stesheni! Msanifu alishindwa hesabu, au alikusudia?

Na la pili. Nasikia jengo lenyewe ni la urithi, limeorodheshwa kisheria, haliguswi ovyo. Lilifunguliwa 1932. Kwangu mimi urithi ni ngome au kanisa la miaka mia tano. Stesheni ya mtaani, ya matofali, ya juzi tu, imeingiaje?

FundiZege:
Dada, baba alikuwa sahihi kwa miti. Kenchi ya mbao inavuka sebule bila nguzo kwa sababu ina kimo, ile pembetatu yake ndiyo inayobeba. Paa la zege lililo bapa halina pembetatu. Nguvu yake iko kwenye unene na nondo, basi.

Jaribu hivi. Weka ubao mrefu juu ya matofali mawili, ukae katikati. Unabonyea. Ongeza tofali la tatu katikati, chini yako. Umekata umbali nusu, lakini kwa paa, ambalo uzito wake umesambaa kote, ile nguvu ya kupinda haipungui nusu, inashuka hadi kama robo, kwa sababu inakua kwa mraba wa umbali. Hapo ndipo paa lile linapopata ruhusa ya kuwa jembamba. Bila nguzo ungelinenepesha, na likinenepa linaongeza uzito wake lenyewe, unanenepesha tena. Mafundi wanaujua huo mduara.

Ila nguzo ina masharti yake. Kwa kawaida zege la dari hutaka kupasuka upande wa chini, kwa hiyo nondo kuu tunazilaza chini. Juu ya nguzo mambo yanageuka: zege linavutwa upande wa juu. Nondo lazima zipande juu pale. Nimewahi kuona slabu ya mtu (sitaji wapi) ambapo fundi alilaza zote chini, na ufa ukatokea juu umezunguka nguzo kama pete.

Na angalia vile vioo. Mzigo wa katikati ukishabebwa na nguzo, ukuta wa pembeni unabaki na kazi ndogo zaidi. Ndiyo maana unaweza kuutoboa madirisha makubwa namna ile. Mwanga unaousifia, nguzo imechangia.

Mpita Njia:
Mnasifia kitu cha kuiga. Tafuteni picha ya maktaba ya jiji la Stockholm, ya Gunnar Asplund, ilifunguliwa 1928. Ngoma juu ya sanduku. Miaka minne baadaye Mwingereza naye ana ngoma juu ya sanduku. Urithi wa nani huo?

Mzee wa Ramani:
Kijana, usikimbie. Nimefanya kazi ya kuchora ramani za majengo zaidi ya miaka thelathini, na hii stesheni nimeipanda treni makusudi kwenda kuiangalia.

Kweli msanifu wake, Charles Holden, alitembea. Mwaka 1930 alisafiri pamoja na Frank Pick, mkubwa wa reli za chini kwa chini za London wakati huo, kwenda kuangalia majengo mapya ya Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Sweden. Hawakuficha. Laini ya Piccadilly ilikuwa inarefushwa kuingia vitongoji vipya, na walitaka stesheni za namna ambayo Uingereza haikuwa nayo. Waliporudi, Holden alianza na Sudbury Town mwaka 1931. Hilo ni sanduku la mstatili, na mwenyewe alizieleza stesheni zake hizo kama masanduku ya matofali yenye vifuniko vya zege. Dada hapo juu kasema kifuniko cha sufuria, hakuwa mbali.

Lakini linganisha kwa macho, usilinganishe kwa umbo tu. Ngoma ya Stockholm ni ukuta mzito, madirisha yake madogo yamepangwa juu kabisa, maana ndani kuta zimejaa vitabu. Ya Arnos Grove karibu yote ni kioo. Maktaba imegeukia ndani. Stesheni inatazama barabara. Usiku taa zikiwaka inakuwa karabai: mtu yuko mbali, mvua inanyesha, anajua treni iko wapi bila kusoma kibao. Na huko Stockholm nguzo ya katikati haipo.

Nguzo ndiyo nilitaka kuifikia. Mwanangu Bint Seremala, umeangalia kilichoizunguka pale chini?

Bint Seremala:
Shikamoo mzee. Kuna kibanda. Nilidhani ni stoo.

Mzee wa Ramani:
Marahaba. Hicho si stoo, hicho ndicho jibu la swali lako. Wenyewe walikiita pasimita. Karani alikaa ndani, anakata tiketi huku anaangalia wanaoingia, mtu mmoja kwa kazi mbili. Kibanda cha namna hiyo kinataka kusimama peke yake, watu wakizunguke, wa kuingia upande huu na wa kutoka upande ule. Yaani katikati ya ukumbi tayari palikuwa na mwenyewe. Holden akaipitisha nguzo mahali ambapo abiria asingekanyaga hata kidogo. Ingekuwa sebule, baba yako angeshinda kesi. Pale, mti umeoteshwa ndani ya kabati.

Siku hizi tiketi haziuzwi humo. Kimebaki kwa sababu ya hilo swali lako la pili.

Uingereza jengo haliorodheshwi kwa uzee peke yake. La kabla ya 1700 likibaki karibu na hali yake ya mwanzo, linaingia karibu bila ubishi. Kadiri unavyosogea karibu na leo ndivyo wanavyochagua kwa ukali, na la chini ya miaka 30 kwa kawaida hawaligusi. Arnos Grove iliingia 1971 kwa daraja la pili. Mwaka 2011 ikapandishwa daraja la pili lenye nyota, ambalo majengo yake ni kama asilimia 6 tu ya yote yaliyoorodheshwa. Stesheni za Oakwood na Sudbury Town zilipandishwa mwaka huohuo.

Na ulinzi si wa sura ya nje peke yake. Ndani pia: dari, kibanda, fremu za madirisha. Ukitaka kubadili kitu chenye kugusa sura yake unaomba kibali maalumu, na kubadili bila kibali ni kosa la jinai, si faini ya mtaa.

Jambo moja dogo, halihusu nguzo. Holden alipewa nafasi ya kuitwa “Sir” mara mbili, akakataa mara zote mbili. Aliona jengo ni kazi ya wengi. Nadhani angeelewana na FundiZege.

FundiZege:
Angenilipa kwa wakati, tungeelewana.

Mpita Njia:
Haya, nimeangalia picha zote mbili pamoja. Ya Stockholm nimeipenda zaidi. Ila si kitu kimoja, nakubali.

Bint Seremala:
Wakuu, leo asubuhi nimewahi kwa dakika kumi nikasimama kando, nimeegemea ukuta kama mpelelezi. Treni iliyogeuzia hapa ilikuwa imeingia kwenye ile reli ya katikati, yenye jukwaa kila upande, watu wakapanda juu kwa mkupuo. Walipofika kwenye kibanda wakagawanyika wenyewe, kama maji ya mto yakikuta jiwe. Hakuna aliyeinua macho. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alikizunguka huku anaongea na simu, hata hakupunguza mwendo.

Halafu nikaangalia juu, pale nguzo inapokutana na dari, nikitafuta pete ya FundiZege. Sijaiona.

Mzee, swali la mwisho. Stesheni inayofuata, Southgate, nayo ni duara. Nikienda Jumamosi, nitakuta mti mwingine?

Mzee wa Ramani:
Utaukuta. Paa limekaa juu yake kama mwavuli uliofunguliwa. Kaa upande wa dirisha, mkitoka tu Arnos Grove mnapita juu ya daraja refu la matao ya matofali, kabla treni haijaingia ardhini tena. Na ukifika usitoke haraka, angalia taa za shaba kwenye ngazi za umeme.